Nianze kuvua wapi Kupro: baharini au kwenye mabwawa?

MpishiLimassol

Habari zenu wapenzi wa mshipi. Niko Limassol, Kupro, nafanya kazi jikoni hotelini, zamu ya usiku. Nikitoka kazini bado kuna giza, na kabla ya kwenda kulala nataka niwe napitia ufukweni kuvua saa moja au mbili hivi. Nimekua na mshipi wa mkono juu ya mtumbwi, kwa hiyo samaki nawajua, ila bahari hii inanishinda kuisoma. Maji hayajai wala hayapwi. Ukichungulia unaona mpaka kokoto za chini, lakini samaki humwoni.

Nimenunua fimbo ya mita nne na rili yake. Chambo natumia nyama ya kamba, yule wa kuliwa. Juzi kuna kitu kilishika, kikavuta kwa nguvu, halafu mshipi ukarudi mwepesi. Kuangalia ndoana, imekatwa katikati, mkato safi kama wa koleo. Ni samaki gani huyo?

La pili: nasikia huku milimani kuna mabwawa yenye samaki. Nianzie wapi, baharini au huko? Na leseni je? Sitaki matatizo na serikali ya watu.

Nahodha_wa_Zamani

Kaka, nianze na leseni maana ndiyo rahisi. Ukisimama nchi kavu na fimbo yako baharini, huhitaji leseni. Ukitaka kuzamia na bunduki ya mshale, lazima uwe nayo, na kutumia bunduki hiyo ukiwa umevaa mtungi wa hewa ni marufuku. Mabwawa yote leseni, unakata Idara ya Uvuvi na Utafiti wa Bahari, na huko huko watakwambia ni mabwawa gani yamefunguliwa na kwa miezi gani.

Samaki wako usimuuze, hata kwa mpishi mwenzako pale hotelini. Sheria za Umoja wa Ulaya zinakataza kabisa samaki aliyevuliwa kwa burudani kuuzwa sokoni. Na beba rula. Chewa hapungui sentimita 45, yule changu wa paji la dhahabu wanayemwita tsipoura sentimita 20. Chini ya hapo anarudi majini.

MamaTasi

Kaka Mpishi, aliyekukata ndoana ni bunju, yule samaki wa kujivimbisha. Sijamwona lakini naweza kuapa. Wagiriki wa huku wanamwita lagokefalos. Mgongo wa kijivu wenye madoa meusi, tumbo jeupe, ubavuni mstari wa fedha unaong'aa, na meno manne yaliyoungana yakawa mdomo wa kasuku. Alipita mfereji wa Suez kutoka Bahari ya Shamu, akaonekana Bahari ya Kati mara ya kwanza mwaka 2003, na leo amejaa pwani yote hii. Anakata ndoana, anakata nyavu za wavuvi, anakula ngisi na pweza waliokuwa riziki yao. Serikali imefika mahali inawalipa wavuvi kwa kilo ili wamtoe tu majini.

Nakuomba hili ulishike kuliko yote nitakayoandika hapa: bunju haliwi. Sumu iko kwenye ini, mayai, ngozi, hata nyama yenyewe. Haiishi kwa kuchemsha wala kukaanga, na dawa ya kuiondoa mwilini haipo. Wewe ni mpishi, utaona mnofu mweupe mzuri, usidanganyike. Kama kuna mtu amekufundisha kumpara mahali pengine, huku acha.

Sasa bahari. Umesema kweli kwamba haijai wala haipwi, tofauti ya maji ni kama shubiri moja au mbili tu, kwa hiyo hesabu za bamvua na maji mafu ziweke kando. Huku unahesabu mwanga na upepo. Maji ni maangavu kwa sababu hayana rutuba: yanaingia kutoka Atlantiki pale Gibraltar, na yakifika kwetu mashariki chakula chote kimeshaliwa njiani. Samaki anaona kila kitu, hata mshipi wako. Ndiyo maana mshipi mnene uliozoea mtumbwini hautakusaidia. Tumia wa milimita 0.20 au chini, ndoana ndogo, chubwi (kizito cha kuzamishia mshipi) dogo. Muda wako wa kutoka kazini ndio wenyewe hasa, ile nusu saa kabla ya jua na nusu saa baada yake. Kiangazi upepo wa bahari unaanza kupuliza mchana, asubuhi kunatulia. Ila ukikuta upepo wa jana umevuruga maji yakawa na ukungu kidogo, hiyo ni asubuhi ya kutokukosa, changu wanasogea mpaka karibu kabisa na mawe.

Ushauri wangu anza na tasi. Ndiyo, tasi yuleyule wa pwani ya kwetu! Naye alipita Suez, tena zamani sana kabla ya bunju, wenyeji wanamwita kourkouna na wanampenda mno. Nilipomwona mara ya kwanza kwenye meza ya muuza samaki hapa nilifurahi kama nimekutana na jirani.

Tasi anakula mwani, kamba wako hamtaki sana. Achana na chambo cha nyama, na bunju naye atapungua kukusumbua. Kanda unga na mkate uliolowekwa, tia jibini kidogo ushike harufu, ukaze mpaka uweze kufinyanga kidonge cha ukubwa wa punje ya dengu. Tafuta mawe yenye mwani, upande wa nje wa mawe ya kukinga mawimbi, kuelekea kijiji cha Zygi yapo mengi (ndani ya bandari soma vibao kwanza, si kila gati linaruhusiwa). Tupia makombo ya mkate kidogo kidogo, usiwashibishe. Weka boya jembamba, chambo kining'inie kama mita moja na nusu chini. Hatavuta kwa kishindo. Boya litatetemeka, litalala upande, hapo hapo inua kifundo cha mkono. Ukisubiri lizame, umechelewa, kinywa chake ni kidogo na ameshatema.

Na mkizi atakuja kwenye makombo hayohayo, mpokee.

Ukimpata tasi, mpasue tumbo palepale ufukweni. Ule mwani ukikaa tumboni unaharibu ladha ya nyama, na joto la huku halingoji. Mchome mzima na chumvi, limau juu.

Mlimani_Troodos

Dada MamaTasi kamaliza ya baharini, mimi niseme ya mabwawa maana wengi wanayadharau. Kupro haina mto mkubwa wala ziwa la maji baridi la asili la kuvulia, samaki karibu wote wa mabwawani waliletwa. Hata wale wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu waliletwa kupambana na malaria.

Kwako Limassol, karibu ni Germasogeia na Kouris. Kouris ndilo kubwa kuliko yote kisiwani, likijaa linachukua mita za ujazo milioni 115, lakini kujaa kwake ni nadra. Mwaka 2008 ukame ulikuwa mkali hadi maji yaliletwa kwa meli kutoka Ugiriki. Maji yakishuka pale Kouris linaibuka kanisa la kijiji cha zamani cha Alassa, kijiji kilihamishwa kupisha bwawa. Mimi nikienda huangalia kwanza kanisa limesimama wapi na maji. Kama unalifikia kwa miguu, samaki wamebanana kwenye kina, na ukingo ni tope la kuzama mpaka goti. Usimpeleke mtoto.

Kuna kapi, samaki mnene wa magamba makubwa, anapenda punje za mahindi zilizochemshwa, na anataka subira. Kuna besi wa mdomo mpana, huyu ni mwindaji, anafuata samaki wa bandia alfajiri kando ya miti iliyozama. Trauti anataka maji ya baridi, mtafute kwenye mabwawa madogo ya juu kwenye milima ya Troodos, huku chini asingemaliza kiangazi. Kumbuka haya ni maji ya kunywa ya watu: usiogelee, usiache hata kipande cha mshipi.

Kwa mtu wa zamu ya usiku asiye na gari, nakubaliana na dada. Bahari kwanza, bwawa weka siku ya mapumziko.

MpishiLimassol

Asanteni sana, hasa dada MamaTasi. Kumbe tasi yupo huku! Swali moja la mwisho: tasi najua anachoma. Na yule wa mistari mwenye mapezi kama manyoya, nimemwona kwenye mawe, naye? Nikichomwa asubuhi hivyo niko peke yangu nifanyeje?

MamaTasi

Huyo ni samaki simba, mgeni mwingine wa Suez. Ana miiba 18 ya sumu, mgongoni, tumboni na nyuma chini, yale mapezi mapana ya pembeni hayachomi. Nyama yake haina sumu, ni tamu na nyeupe, ukimpata mle, unaisaidia bahari. Kata miiba yote kwa mkasi mzito kabla hujamgusa. Tasi vilevile, mshike kwa kitambaa kinene.

Ukichomwa, na simba au tasi, toa kipande cha mwiba kama kinaonekana, kisha tumbukiza mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, nusu saa hadi saa na nusu. Sumu yao inavunjwa na joto. Jaribu maji kwa mkono mzima kwanza, uliochomwa hausikii vizuri unaweza kuuunguza. Na kwa kuwa uko peke yako, ukienda kuvua beba chupa ya chai (themosi), ila ijaze maji ya moto tu. Ukiona kifua kinabana au uso unavimba, piga 112.

Na bunju ukimpata usimwache juu ya mawe wala usiwatupie paka wa ufukweni, wanakuzunguka wakilia lakini watakufa. Mfunge kwenye mfuko, mtie kwenye pipa lenye kifuniko.