Wauza sabuni za povu za magari, mtatuharibia magari hadi lini?

Wakuu, nina hasira, mnisamehe mapema.

Jumamosi nilishuka Kariakoo kutafuta ile sabuni ya povu ya kupulizia gari kabla ya kuliosha. Nakaa Goba, mtaani kwetu hakuna lami, na ukipitisha sponji juu ya mchanga ule unalipiga msasa gari lako mwenyewe. Povu lilegeze mchanga kwanza, maji yauondoe, ndipo sponji iguse bodi. Hilo nalijua. Nilichokuwa sijui ni kwamba nitauziwa dawa ya kutolea grisi kwenye malori.

Dumu la lita 5, elfu 18. Juu wamebandika picha ya gari jekundu na maneno "POVU ZITO". Basi. pH, ile namba ya kuonyesha ukali wa sabuni, haipo, kipimo cha kuchanganya na maji hakipo, alama ya TBS (shirika la viwango) haipo, hata jina la aliyeitengeneza halipo. Nikamuuliza muuzaji nachanganyaje. "Kadiria tu bosi, ukitaka ing'ae iache ikauke kabisa." Na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikamsikiliza!

Saa saba mchana, jua la Dar mnalijua. Kusuuza hivi, plastiki nyeusi za pembeni zina michirizi myeupe kama njia ya konokono. Rimu, pale zilipokwanguliwa na ukingo wa barabara, zimefifia kama sufuria kuukuu. Waksi niliyopaka wiki tatu zilizopita, maji yalikuwa yanateleza juu yake kama kwenye jani la gimbi, imekwenda yote.

Jirani yangu anafundisha kemia. Akachovya kikaratasi chake cha kupimia pH kwenye ile sabuni, kikawa zambarau tii. pH 13! Maji safi ni 7, na kila namba unayopanda ukali ni mara kumi ya iliyo chini yake, pigeni hesabu wenyewe.

Kwa vumbi la kila siku, povu la pH 7 linatosha kabisa. Hilo kali lina kazi yake, tope lililoshikana na grisi, nalo unalizimua kwa maji, unapulizia kivulini, dakika chache tu unasuuza kabla halijakauka. Na huu ugonjwa wa kupima sabuni kwa wingi wa povu sijui tumeutoa wapi. Hata sabuni ya kuogea ukiitikisa inatoa povu.

Jumatatu nikarudi na dumu langu. Jamaa hata hakushtuka. Akanishushia kopo la polishi, elfu 25: "Hii itarudisha weusi wote, bosi."

Anayejua panapouzwa sabuni yenye lebo inayotaja pH na kipimo, aseme hapa hapa. Asiniambie nimfuate PM.