Msaada: Nataka kujenga kwa kufuata feng shui, fundi anafunga kamba Jumamosi

Mama Pacha

Wakuu habari za humu. Naenda kwenye mada moja kwa moja maana muda sina.

Mimi na mzee tuna kiwanja Kibada, mita 20 kwa 25. Ramani ni ya vyumba vitatu, kimoja masta, halafu sebule, jiko, stoo na choo cha familia. Kazini kwangu Kariakoo bosi ni Mchina, na mke wake ndiye aliyeniingiza kwenye haya mambo ya feng shui, yaani utaratibu wa Kichina wa kupanga nyumba ili iwe na bahati. Siku hiyo namwonyesha ramani kwenye simu, akaivuta kwa vidole mpaka choo kikajaa kioo kizima, akaniuliza, "Mbona choo kipo katikati ya nyumba?" Nikakosa jibu. Tangu hapo usiku silali, nasoma tu.

Nilivyoelewa, feng ni upepo, shui ni maji, na nyumba inatakiwa iwe na uwiano wa vitu vitano: mti, moto, udongo, chuma na maji. Maji yanalisha mti, mti unalisha moto, moto unaacha majivu ambayo ni udongo, udongo unazaa chuma. Mlango mkuu utazame kusini, mgongoni kuwe na mlima, mbele kuwe na maji. Kitanda kisikae miguu ikitazama mlangoni, maana ndivyo maiti anavyotolewa (hili hata bibi yangu alilisema, na China hakuwahi kuisikia). Kioo kisitazame kitanda. Jiko la kupikia na sinki visikae bega kwa bega, maji yanaua moto.

Bahati nzuri kiwanja kimekaa vizuri. Nimepima kwa dira ya simu, upande wa barabara ni kusini kabisa, kwa hiyo mlango utatazama kusini kama inavyotakiwa. Mlima sina, labda nipandishe ukuta wa nyuma. Maji nataka nijenge kibwawa cha chemchemi hapo mbele.

Mzee anasema nimerogwa. Anadai jua la saa kumi linapiga pale pale mlango utakapokaa, tutaiva kama mihogo. Mama mkwe anataka kujua choo kitaelekea wapi, kisije kikatazama kibla. Fundi yeye anacheka tu. Naombeni ushauri, matusi hapana.

Kobe Mzee

Ngoja waje wajuzi. Nimekaa pembeni na kahawa yangu.

Nuru ya Asubuhi

Dada angu, hizo ni imani za watu. Nyumba hailindwi na chemchemi. Someni dua kwenye msingi, basi, yaishe.

Mama Pacha

Dua ipo, shekhe keshaambiwa. Ila dua haitanipangia dirisha la jikoni.

Bwege wa Tandika

Kiwanja namba ngapi? Kama ni 4 uza haraka, kwa Wachina nne inasikika kama kifo. Kama ni 8 niuzie mimi.

Nilihama Bondeni

Mimi nilikuwa na maji mbele. Nimepanga bonde la Msimbazi, asubuhi nafungua mlango naona mto, raha tupu. Desemba 2011 maji yakahamia sebuleni, godoro likaelea mpaka likaziba mlango wa jikoni, tukatokea dirishani. Huo utajiri wanaosema maji ya mbele yanaleta sijauona mpaka leo. Na kwa mwingine yeyote anayesoma hapa akaanza kutafuta kiwanja cha kando ya mto: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni. Wakija na rangi nyekundu ukutani usimtafute Mchina.

Ramani Mkononi

Mama Pacha, nachora nyumba, hiki ndicho chakula changu. Sikucheki. Wateja wanaoleta feng shui nawapenda kuliko wanaoleta picha ya nyumba ya Ulaya, maana angalau wewe umeanza kwa kujiuliza upepo unatoka wapi.

Lakini jiulize kwa nini Mchina alitaka kusini. China iko juu ya ikweta mbali. Kipupwe chao kinakuja na upepo wa baridi kutoka Siberia, yaani kaskazini, na jua la mchana linakaa kusini. Kwa hiyo mlango kusini unaingiza joto, mlima mgongoni unazuia baridi. Ni akili ya hali ya hewa kabla haijawa bahati. Dar tuko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Baridi ya kuzuia haipo. Ukipandisha ukuta mgongoni uige mlima, umejifungia ndani ya chungu.

Huku upepo una majina mawili na wavuvi wote wanayajua. Kusi, kuanzia Aprili hivi mpaka Oktoba, unatoka kusini na kusini-mashariki. Kaskazi, Desemba mpaka Machi, unatoka kaskazini-mashariki. Angalia vizuri: mwaka mzima upande wa mashariki ndio unaopata hewa. Vyumba vya kulala vipeleke huko. Jiko, stoo na vyoo vipeleke magharibi, harufu na moshi vitoke bila kupita kitandani kwa mtu, na ukuta wao upokee lile jua la jioni kwa niaba yenu. Jikoni kutakuwa na joto jioni, sikudanganyi. Jua la mchana halina shida, liko juu ya utosi, upenu wa mita moja unalimaliza. Hili la jioni linakuja limeinama, linaingia chini ya upenu wowote.

Kuhusu choo katikati, huyo mama wa Kichina yuko sahihi hata ukiweka imani kando. Choo kisicho na ukuta wa nje hakina dirisha, na joto letu hili kinanuka nyumba nzima. Jiko na sinki pia, acha meza ya sentimita 60 katikati, mafuta ya moto na maji yanayoruka havipendani. Chemchemi achana nayo. Mbu wa dengue anapenda maji masafi yaliyotulia, na 2019 tulimwona alivyotufanya. Vuna maji ya mvua kutoka kwenye bati, tangi likae juu ya mnara wa bloku. Hapo una chuma, maji na udongo kwa pamoja.

Sasa swali langu. Umesema mlango unatazama kusini. Mzee anasema jua la saa kumi linaupiga. Jua la Dar halizami kusini hata mwezi wa Desemba. Mmoja wenu kakosea. Ulipima ukiwa umesimama wapi?

Mzee wa Magomeni

Mwanangu Mama Pacha, salaam. Nimezaliwa kwenye nyumba ya vyumba sita, korido katikati, mlango wa mbele unatazamana na mlango wa uani. Kwa hesabu za rafiki yako hiyo ni nyumba ya mkosi, ati baraka zinaingia mbele zinatokea nyuma. Kumbe kilichokuwa kinapita ni upepo. Bibi zetu walikuwa wanatandika mkeka kwenye ile korido baada ya adhuhuri, wanalala mpaka alasiri, feni hatuijui.

Ila wazee wa pwani nao hawakutaka mgeni afungue mlango aone mpaka kitandani. Nenda nyumba za mawe za Unguja au Lamu, unaingia dakani kwanza, yaani ukumbi wa mlangoni, halafu njia inapinda. Wachina kwenye nyumba zao za ua walijenga kiukuta nyuma ya geti, mtu akunje kona ndipo aingie. Wao wanasema ni kwa ajili ya pepo wabaya, sisi tunasema stara. Weka kiukuta cha matundu baada ya mlango wako, cha vile vibloku vya maua. Upepo unapita, jicho halipiti.

Dira ya simu weka mfukoni. Nenda msikiti wa karibu uangalie mihrabu. Makka na Dar ziko karibu kabisa kwenye mstari mmoja, kibla chetu ni kaskazini. Ukisimama unaitazama mihrabu, mkono wa kushoto ndio magharibi. Na mwambie mama mkwe bakuli la choo likae mtu atazame mashariki au magharibi, asielekee kibla wala asikipe mgongo.

Bwege wa Tandika

Mzee umeua.

Mama Pacha

Nimerudi wakuu, samahani kwa ukimya.

Jana jioni nilikwenda saiti na mzee. Siku ile napima kulikuwa na tope, nikaiweka simu juu ya nondo za msingi zilizoshushwa pale kona. Jana nikaiweka pale pale, ikaniambia kusini. Nikaichukua, nikapiga hatua kama kumi mpaka chini ya mwembe wa jirani, mshale ukazunguka wenyewe. Barabara iko magharibi. Tukapita msikitini, mihrabu ikasema hivyo hivyo. Mzee hakusema neno. Alicheka tu, kutoka Kibada mpaka tunashuka kwenye pantoni, na watu wanatutazama.

Kwa hiyo ramani imegeuzwa. Vyumba mashariki, choo cha familia kimetoka katikati kimepata dirisha, jiko limehamia kona ya kaskazini-magharibi. Mbele inakuja baraza pana, na mkungu mmoja wa kivuli, ndio mti wangu. Kiukuta cha matundu mama mkwe kakipenda kuliko mimi, anasema ndivyo nyumba ya watu ilivyo. Chemchemi nimeisamehe.

Nimebaki na kioo. Kabati la masta lina milango ya vioo na limeshalipiwa, na popote nitakapoliweka linatazama kitanda. Mke wa bosi nimemwuliza, kacheka, kaniambia hata yeye kwake linatazama kitanda, usiku analifunika khanga. Mwenye wazo lingine alilete.

Fundi kapiga sasa hivi kuuliza kamba aanzie kona ipi. Nimemwambia aanzie anapotaka, ila nondo azisogeze kwanza.