Naomba ushauri: kitabu cha katuni cha kumuenzi Sonic

Ndugu wanachama, habari za leo? Wakubwa, shikamooni.

Tuko wachoraji sita hapa Kampala. Sonic, yule kalunguyeye wa buluu wa michezo ya video ya kampuni ya Sega, alitoka tarehe 23 Juni 1991, kwa hiyo 2026 anatimiza miaka 35. Tunataka kumtolea mkusanyiko wa katuni fupi, kila mtu na hadithi yake, kama toleo la maadhimisho ya miaka 30 lililotoka Marekani 2021 likiwa na hadithi tatu za mikono tofauti. Kazi imefika mbali. Mdogo wangu amemchora Sonic akipita kasi kwenye stendi ya bodaboda Wandegeya, miiba imejaa vumbi jekundu, abiria ameshika kofia isipeperuke. Ukurasa huo naupenda mno.

Tatizo ni kibali. Mchapaji mmoja wa Nasser Road amekataa kuchapa nakala 100 bila barua ya mwenye mhusika. Nimesoma Sheria ya Hakimiliki ya 2006: inaruhusu matumizi ya haki (fair use), yaani kutumia kazi ya mtu bila kibali kwa mambo kama kufundishia, lakini sisi tulitaka kuuza angalau turudishe gharama ya karatasi.

Naomba mnisaidie mawili. Tukigawa bure, bado tunahitaji kibali? Na je, kuna aliyewahi kuomba ruhusa ya mhusika wa kampuni ya nje akiwa hapa Uganda, alianzia wapi? Kumbadilisha awe kalunguyeye wetu tumeshafikiria, ila moyo unakataa, maana tunamuenzi yeye.

Asanteni sana.