Shostakovich alikuwa mtu wa Stalin au alimpinga kimyakimya? Wapenzi wa klasiki njooni

mwanakwaya_Moro:
Wakuu habari zenu. Siku hizi nasikiliza sana Simfoni ya 5 ya Dmitri Shostakovich, yule mtunzi wa Urusi ya Kisovieti, na ule mwisho wake unanisumbua, matarumbeta na ngoma vinapigwa kwa nguvu zote kama sherehe ya ushindi ila mi naisikia kama furaha ya kulazimishwa. Nikisoma habari zake huku wanasema alikuwa mwanamziki wa serikali, kapewa Tuzo za Stalin, kaingia Chama cha Kikomunisti 1960, kule wanasema alikuwa anapinga kupitia mziki. Ipi ndo ipi?

FidlaKuu:
Mkuu hiyo simfoni huielewi bila kujua 1936. Opera yake ya Lady Macbeth wa Mtsensk ilikuwa imeshachezwa miaka miwili na watu wanaipenda, Januari 26 Stalin akaenda kuiangalia Moscow akaondoka kabla haijaisha. Siku mbili baadae gazeti la Pravda likatoa makala isiyo na jina la mwandishi, kichwa chake "Fujo badala ya mziki", na ndani wakaandika kwamba mchezo huu unaweza kuishia vibaya sana. Kipindi kile kila mtu alijua maana yake. Marshal Tukhachevsky aliyekuwa anamlinda akapigwa risasi 1937, shemeji yake akakamatwa, dada yake akahamishwa kwa nguvu, mama mkwe akapelekwa kambini. Simfoni ya 4 ilikuwa tayari kwenye mazoezi ikabidi aiondoe, ikaja kupigwa 1961, yaani miaka 25 imekaa tu!

Hiyo ya 5 ndo ilimwokoa. Ilipigwa Leningrad Novemba 1937, Mravinsky akiongoza okestra, watu wakalia kwenye sehemu ya tatu ile ya taratibu na mwisho wakapiga makofi zaidi ya nusu saa. Sasa kwenye mwisho huo unaokusumbua, wewe ni mtu wa solfa, sikiliza fidla juu, wakati matarumbeta yanapiga ule wimbo mkubwa zenyewe zinarudia so, so, so, so bila kupumzika. Kondakta Mmarekani Bernstein kwenye rekodi ya 1959 anaukimbiza unakuwa shangwe kweli, wengine wanaenda polepole unakuwa mzito mpaka kifua kinabana, na nota ni zilezile. Mi nawaamini wa polepole, kwahiyo sikio lako liko sawa kabisa.

Selo_Msa:
Nakubali ila tusimfanye mpinzani wa moja kwa moja, huyu mtu alilipenda taifa lake. Wajerumani walipouzingira mji wa Leningrad 1941 alikuwepo, akajitolea kikosi cha zimamoto na huku anaandika Simfoni ya 7. Alihamishwa Oktoba akaimalizia mji wa Kuibyshev. Agosti 9, 1942 ikapigwa ndani ya Leningrad yenyewe watu wanakufa njaa, kondakta Karl Eliasberg alipoita okestra ya redio waliokuwa na uwezo wa kupiga walikuwa kama 15 tu, ikabidi wanaojua vyombo waletwe kutoka jeshini na wapewe chakula cha nyongeza ili wapate pumzi ya kupuliza. Jeshi lao likashambulia kwanza mizinga ya Wajerumani ili tamasha lisikatishwe, alafu vipaza sauti vikaurusha mziki mji mzima mpaka upande wa adui. Hiyo huwezi kuita kazi ya kumfurahisha mkubwa.

mwanakwaya_Moro:
Asanteni sana wakuu. Na hilo la kuingia chama 1960? Stalin si alishakufa 1953? Hapo nani alimlazimisha?

FidlaKuu:
Khrushchev, kiongozi aliyefuata, alitaka awe mwenyekiti wa umoja wa watunzi wa Urusi na cheo hicho kilitaka mwanachama. Alikubali, na mwanae Maxim alisimulia kwamba alimuona baba analia. Kumbuka alikuwa ameshapigwa mara ya pili 1948, chama kikamlaani yeye na mtunzi mwenzake Prokofiev na wengine, akapoteza kazi ya kufundisha konsavatori (chuo cha mziki), Konseto ya Violini ya kwanza akaificha mpaka 1955. Mtu wa hivyo hasaini karatasi kwa moyo mweupe.

Sasa Julai 1960 alikuwa karibu na Dresden Ujerumani Mashariki kwa kazi ya filamu, akaandika Kwateti ya 8 (ya vyombo vinne vya nyuzi) kwa siku tatu tu. Nje imeandikwa ni kwa wahanga wa ufashisti na vita, lakini alimwandikia rafiki yake Glikman barua kwamba hiyo kazi ameiandika kwa ajili yake mwenyewe. Na ndani kajiandika jina, D, Es (inasomeka kama S), C, H kwa herufi za nota za Kijerumani, yaani D. Sch., mwanzo wa jina lake kwa Kijerumani, selo inaanza nayo wengine wanapokea mmojammoja na inarudi kwenye kila sehemu.

Selo_Msa:
Hiyo kwateti ni kama dakika 20. Isikilize leo na hedifoni, taa zimezimwa, alafu kesho nenda Simfoni ya 10 sehemu ya tatu utazisikia nota hizohizo nne tena, safari hii okestra nzima.