Turbini ndogo ya mvuke: diski za Tesla, gurudumu moja au safu mbili?

Kerezo50
Wakuu, salaam. Nina boila ndogo ya shaba niliyoiunga kwa lehemu ya fedha. Niliipima kwa maji baridi hadi bar 6, naiendesha kwa bar 3. Miaka yote imesukuma injini ya pistoni, sasa nataka turbini ya kuzungusha dainamo iwashe taa mbili tatu za LED. Lethi ninayo, mashine ya kuchonga (milling) sina. Kichwani zimebaki njia tatu: diski za Tesla, gurudumu moja na nozeli ya de Laval (mdomo wa kurushia mvuke, unaobana kisha kupanuka), au safu mbili za mapanga kama za mhandisi Curtis. Kuna aliyejenga zaidi ya moja akalinganisha? Video za watu wanaopuliza kwa kompresa nimeshashiba.

DiskiKumi
Tesla, mkuu. Nimejenga mbili. Hakuna panga la kuchonga: diski laini zinapangwa kwenye shafti, pete nyembamba (washa) kati ya diski na diski, mvuke unaingia ukingoni na kujizungusha hadi kwenye matundu ya katikati. Inaimba vizuri mno.
Ila nisikudanganye. Bila mzigo kasi inapaa, ukiifunga dainamo inalegea kama mtu aliyekumbushwa deni. Nafasi kati ya diski ikizidi kidogo tu, mvuke unapita bila kushika kitu. Na diski nyembamba hupinda zikipata joto na kasi. Hata zile kubwa za Tesla mwenyewe zilipinda kwenye majaribio.

MamaBoila
Mnakimbilia gurudumu kabla ya kuuliza chakula chake. Kerezo, boila yako inachemsha gramu ngapi za maji kwa dakika? Zima injini, fungua vali, shikilia bar 3, pima maji yaliyopungua ndani ya dakika kumi.

Kerezo50
Nimepima jioni hii. Gramu 200 kwa dakika kumi, moto ukiwa wote.

NozeliNyembamba
Asante MamaBoila, hiyo ndiyo namba ya kuanzia.

Tundu la milimita 1, kwa bar 3 ya geji (yaani juu ya presha ya hewa ya nje), linapitisha karibu gramu 27 kwa dakika. Kuzichemsha kunataka kama kilowati 1.2 zinazoingia kweli kwenye maji, wala si zile zinazotokea kwenye bomba la moshi. Boila yako haitoshi. Tundu la 0.8 linapitisha gramu 17 na ushee. Hilo ndilo lako, tena moja tu. Ukiweka nozeli mbili ili ipendeze machoni, presha itaanguka ubaki na birika.

Sasa kasi. Mvuke mkavu ukishuka kutoka bar 3 ya geji hadi hewa ya nje unaweza kufika karibu mita 680 kwa sekunde. Gurudumu la safu moja linataka ukingo wake uende karibu nusu ya hapo. Kwa gurudumu la milimita 50 hiyo ni zaidi ya mizunguko 120,000 kwa dakika! Hutafika, na usijaribu. Kwa 30,000 ukingo unakwenda kama mita 79 kwa sekunde, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu itatoka na mvuke bila kukufaa kitu. Ndiyo maana Curtis aliweka safu mbili: safu ya kwanza inachukua sehemu ya kasi, mapanga yasiyozunguka yanaugeuza mvuke, safu ya pili inachukua kilichobaki. Kwa hesabu, safu mbili zinakufaa. Kwa mikono, hapana. Bila mashine ya kuchonga, mapanga yatapishana vibaya, na mapengo yatakula faida yote.

Mdomo wa nozeli upanue kidogo tu, kutoka 0.8 hadi kama 0.9. Kwa presha yako upanuzi huo si jambo la kukunyima usingizi. Pembe ndiyo muhimu: lenga kama digrii 20 kutoka ubapa wa gurudumu, mdomo ukaribie mapanga bila kugusa.

DiskiKumi
Kwa hiyo umenikataa kistaarabu.

NozeliNyembamba
Sijakukataa ndugu yangu. Kwa kujifurahisha Tesla ni tamu. Yeye anataka taa.

Shafti3mm
Gurudumu moja, lakini mapanga yasahau. Chimba vifuko vilivyolala mshazari ukingoni, ukifunga drili ndogo kwenye kishika kisu cha lethi na kugawanya mzunguko kwa gia yenye meno mengi. Ninalo la vifuko 24, linafanya kazi.

Malighafi: chagua aluminiamu. Shaba ya njano ni nzito, na mkazo wa ukingo hupanda kwa mraba wa kasi. Gurudumu lako likifika 60,000, shaba inabeba mkazo wa karibu megapaskali 210, aluminiamu kama theluthi ya hapo. Utasema hutafika 60,000. Waya wa taa ukichomoka, mzigo unatoweka, na gurudumu halikuombi ruhusa. Zungushia pete ya chuma nene, na usimame pembeni, kamwe si kwenye mstari wa ukingo.

Gia achana nazo. Tumia mota ya droni isiyo na brashi kama dainamo, moja kwa moja kwenye shafti, ile ya mizunguko 3,000 hivi kwa volti. Kwa 20,000 unapata kama volti 6 na kitu, unapitisha kwenye daraja la diodi ili umeme uende upande mmoja. Beringi ziweke mbali na mvuke, na diski ndogo ya kurusha maji katikati, la sivyo mvuke utaosha grisi yote.

Kerezo50
Wiki tano baadaye: gurudumu la aluminiamu, vifuko 24, nozeli 0.8. Usawazishaji ulinichukua jioni tatu, nikilibingirisha juu ya nyembe mbili na kukwangua upande mzito. Taa tatu zinawaka, ya nne inafifia. Lakini dakika ya kwanza linatema maji na kutetemeka vibaya, kisha linatulia.

MamaBoila
Huo ni mvuke unaogeuka maji ndani ya bomba ambalo bado ni baridi. Pitisha bomba la mvuke ndani ya moto mzunguko mmoja au miwili kabla halijafika kwenye nozeli. Pia pasha kasha la turbini taratibu, tundu la chini likiwa wazi, uzibe maji yakiisha.

Kerezo50
Tundu la chini? Sikuchimba. Narudi kwenye lethi.