Samaki wa Kigoma wanakufa katika tangi jipya ingawa nalisafisha kila baada ya siku mbili

Kijana wa Kanyenye (Tabora):

Salaam kwenu nyote. Mjomba wangu aliniletea kwa treni kutoka Kigoma samaki wanane wadogo, weusi, wenye madoadoa meupe mwili mzima, nikawaweka katika tangi la kioo la lita 150 nililokuwa nimelijaza maji ya bomba asubuhi ya siku hiyohiyo. Siku nne za mwanzo walichangamka. Siku ya sita wawili wakaanza kukaa juu kabisa, karibu na mapovu ya pampu ya hewa, wakihema haraka haraka, na kufikia jana, siku ya tisa, nimeshatoa wanne waliokufa.

Sielewi nimekosea wapi, maana usafi nimeuzingatia kuliko hata wa vyombo vya jikoni. Kila baada ya siku mbili naosha changarawe na mawe, na sponji ya chujio naikamua chini ya bomba mpaka ule utelezi wa kahawia uishe wote. Maji yenyewe sijayabadilisha, kwa kuwa bado ni maangavu kama ya chupa. Nawalisha dagaa wakavu waliosagwa, asubuhi, mchana na jioni. Tena, kwa kuwa niliambiwa maji ya Ziwa Tanganyika yana asili ya magadi, nimetia vijiko viwili vya magadi ili wajisikie nyumbani. Jirani yangu anasema yale madoadoa ndiyo ugonjwa wenyewe. Naomba msaada kabla sijawapoteza waliobaki.

Fundi Mabati (Tabora):

Pole sana, ndugu yangu. Jirani yako hajakosea sana, kwani upo ugonjwa wa vidoa vyeupe unaowapata samaki wa maji baridi, nao huua kwa haraka. Mimi ningetafuta dawa katika duka la mifugo leo hii.

Dada wa Bangwe (Kigoma):

Kwa heshima zote, Fundi, naomba dawa isitiwe. Samaki weusi wenye madoadoa meupe waliotoka huku kwetu, kwa maelezo hayo, ni watoto wa Tropheus duboisi, na madoa hayo ni rangi yao ya kuzaliwa. Wakikua madoa hufutika, kichwa kinageuka samawati, na mwilini unatokea mkanda mweupe au wa njano. Vidoa vya ugonjwa huonekana kama chembe za chumvi zilizonata juu ya ngozi na mapezi, na havijipangi vizuri namna hiyo. Isitoshe, dawa nyingi za kuua vijidudu zitaua hata wale bakteria ambao kaka yetu anawahitaji kuliko kitu kingine chochote.

Kaka wa Kanyenye, samaki wako hawaumwi. Wanaunguzwa na maji. Samaki hutoa amonia, taka yenye sumu, kupitia matamvua, na chakula kinachooza chini huongeza nyingine. Katika tangi lililokomaa, bakteria fulani huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi kikubwa. Bakteria hao huhitaji kwa kawaida wiki nne hadi sita ili waenee vya kutosha, na makazi yao ni ule utelezi wa kahawia unaoukamua chini ya bomba. Kila unapofika siku ya tatu unawaua kwa klorini, ile dawa iliyomo katika maji ya bomba, na kuanza upya, huku amonia ikibaki palepale katika maji ambayo hujayagusa. Wala uangavu wa maji usikudanganye, kwa sababu amonia haina rangi.

Sasa nije kwenye magadi, ambayo naona ndiyo yaliyokamilisha msiba. Ni kweli kwamba pH ya ziwa letu, yaani kipimo cha uchachu au umagadi wa maji, ambacho magadi hukipandisha, hukaribia 9. Lakini amonia ina sura mbili majini, na ile iliyo kali huongezeka kadiri pH inavyopanda: katika nyuzi 25 za Selsiasi, maji ya pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia katika sura hiyo kali, ilhali katika pH 9 hufikia takriban theluthi moja. Ziwani haidhuru, kwa kuwa maji ni mengi mno na amonia ni chembe tu. Katika lita 150 zenye unga wa dagaa mara tatu kwa siku, hali ni nyingine kabisa.

Leo badilisha nusu ya maji, ukitumia maji yaliyokaa wazi kwenye ndoo siku nzima ili klorini ipungue, na yawe na joto linalolingana na la tangini. Baada ya hapo badilisha robo kila siku, bila kuongeza magadi, ili pH ishuke polepole. Sponji usiiguse, ikiziba kabisa, itikise ndani ya beseni la maji uliyoyatoa tangini. Dagaa acha kabisa, kwani samaki hawa hukwangua mwani juu ya mawe, na chakula cha nyama huwavimbisha tumbo. Wape unga kidogo wa mboga za majani uliokauka, kila baada ya siku moja.

Kijana wa Kanyenye (Tabora):

Nashukuru sana, dada. Nimebadilisha nusu jana na robo leo, na wawili kati ya wanne wameshuka chini kwenye mawe. Je, mjomba akiniletea sponji kutoka kwenye tangi lake la miaka mingi, itafika ikiwa na uhai?

Dada wa Bangwe (Kigoma):

Itafika, mradi aiweke mbichi katika mfuko wenye maji kidogo ya tangi lake na hewa nyingi, isipigwe jua wala isikauke. Ukiipokea, ikamulie juu ya chujio lako kisha uiache humohumo.

Fundi Mabati (Tabora):

Nimekubali kukosolewa, dada. Niongeze tu jambo moja la huku kwetu: umeme ukikatika muda mrefu, bakteria hao nao hukosa hewa, kwa hiyo tafuta pampu ndogo ya betri kabla hata ya kufikiria kuongeza samaki.