Lamu siku tatu: Takwa, ufuo wa Shela na vya baharini. Tumeshindwa kuelewana ratiba

MwanaKisauni

Assalaam aleikum wenzangu.

Tuko saba, tumesoma pamoja Mombasa, na kila mwaka hutoka kwenda mahali tukatembea kwa miguu siku mbili tatu. Safari hii ni Lamu, mwezi wa Novemba. Tunafika Ijumaa mchana, tunaondoka Jumatatu asubuhi. Nia yetu ni kutembea mpaka miguu ilalamike, kisha kula vya baharini mpaka tufungue vishikizo.

Mimi ndiye niliyebebeshwa mzigo wa kupanga, na kikundi chetu cha WhatsApp kimegeuka baraza la vita. Ratiba niliyoandika: Jumamosi saa nne asubuhi boti hadi magofu ya Takwa kule kisiwa cha Manda. Turudi tule. Saa kumi jioni tuanze ufuo wa Shela, twende nao hadi Kipungani na kurudi. Jumapili kula tu.

Sasa shida. Mmoja goti lake bovu. Mwingine akila kamba midomo yafura. Na wawili wataka kamba mawe kila mlo, halafu bili igawanywe sawa kwa saba. Mwaka jana tulifanya hivyo, na aliyekula wali kwa mchicha akalipa sawa na aliyekula kamba mawe wawili. Bado hajasahau. Mla mchicha ni mimi.

Nisaidieni kabla sijajitoa kwenye kikundi.

---

Nahodha_Mstaafu

Ratiba hiyo umeiandika kwa saa ya ukutani. Hapa Amu, yaani Lamu, hatwendi hivyo. Niambie kwanza, Jumamosi yenyewe ni mwezi ngapi mwandamo?

---

MwanaKisauni

Shikamoo ami. Nimetazama kalenda, mwezi mpevu ni Alhamisi. Kwani mwezi wahusu nini na sisi?

---

Nahodha_Mstaafu

Marahaba. Mwezi ndio wenye safari, nyinyi ni abiria.

Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndio kwanza waandama, maji huwa ya bamvua: yajaa sana na yapwa sana. Kwa pwani yetu, bamvua kujaa kwake ni jioni, saa kumi, saa kumi na moja hivi. Kupwa ni saa nne, saa tano za asubuhi. Basi hebu tazama ulivyopanga. Takwa saa nne: mkono wa bahari unaoingia kule ni mwembamba, mikoko huku na huku, na boti haipiti ila maji yawe yamejaa. Saa nne mtakuta matope. Mtavua viatu, na mwenye goti mtambeba. Shela saa kumi: maji yamepanda hadi karibu na vilima vya mchanga, mnabakiwa na mchanga mwororo wa juu, kila hatua mguu wazama. Bado giza liwakute njiani.

Geuza. Shela alfajiri, mtoke mjini baada ya swala, saa kumi na mbili. Maji yatakuwa yarudi nyuma na kuacha mchanga mgumu, mwatembea kama mko sakafuni. Takwa iwe alasiri, mwondoke saa nane na nusu hivi maji yapanda, na nahodha akisema turudi, hakuna "picha moja tu ya mwisho".

Na nyinyi watu wa Mombasa maji ya Shela yana historia nanyi. Vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19, Wamazrui, watawala wa Mombasa, na watu wa Pate walikuja kutupiga, wakashindwa, wakakimbilia majahazi yao. Wakayakuta yamekaa juu ya mchanga, maji yameshakupwa. Mifupa yao upepo ulikuwa ukiifunua vilimani miaka mingi baadaye. Kwa hivyo tazameni jedwali la maji.

---

KobeMwendo

Ami amemaliza, mimi niongeze la Kipungani tu. Usijaribu kwenda na kurudi. Ufuo peke yake ni kama kilomita 12, hauna kivuli, hauna duka, hauna bomba. Sisi tulifika Kipungani saa nne na robo, tumejisifu sana, tukapanda boti ya kuturudisha mjini kwa njia ya ndani, mikokoni. Saa tano boti ikakaa kitako. Saa tatu nzima tulikuwa hapo, jua la utosi, watu wanane na chupa moja ya maji na biskuti za mtoto. Nahodha wetu (hakuwa mstaafu, alikuwa mwanafunzi) alilala.

Nyinyi tembeeni Shela kwa saa moja na nusu, mgeuke, mrudi. Kila mtu lita mbili za maji. Kofia. Na upande ule wa bahari kuu mawimbi na mkondo si mchezo, anayetaka kuoga aogee karibu na kijiji walipo watu.

Taka rudini nazo. Ile michanga ndiyo huhifadhi maji tamu ya mji, si uzuri wa picha tu.

---

BintiMkomani

Karibuni Amu. Wanaume wamesema bahari, sasa nami niseme sufuria.

Kaka, acha kutafuta mikahawa ya kila mlo. Kodini nyumba yenye mpishi, ndivyo wageni wengi wafanyavyo hapa. Usiku mnakubaliana naye mtakula nini kesho, mnampa pesa ya soko, asubuhi anakwenda mwenyewe. Au mmoja wenu amfuate ajifunze, soko la samaki liko hapo hapo pwani. Atakayekwenda saa nne amechelewa.

Na msikaze roho kwa kamba mawe. Wiki yenyewe ni ya bamvua, miamba itakuwa wazi, wavuvi wa pweza watatoka na vijiti vyao. Pweza wa siku hizo ndiye wa kula! Apondwe vizuri, achemshwe kwa maji yake mwenyewe, halafu tui zito, bizari, ndimu mwishoni. Kwa mkate wa mofa, sahani yarudi haina haja ya kuoshwa. Kamba mawe wa kuchoma ni mzuri, sikatai, lakini ladha yote ni ya siagi na ndimu. (Najua nitapigwa mawe.) Mkimnunua, mgeuzeni mtazame chini ya mkia. Akiwa na mayai, muacheni.

Siku moja muulizeni mpishi samaki wa kupaka: changu au tewa mzima, achomwe makaani, apakwe tui la ukwaju mara mbili tatu. Wali wa nazi, chatini ya embe mbichi. Novemba ni maleleji, kusi imeshalala na kaskazi haijashika, kwa hivyo mashua ndogo zatoka na samaki hawakosekani kama wakosekanavyo miezi ya Juni na Julai.

---

MuuguziWaZamu

Mwenye kufura midomo asichukuliwe mzaha. Kukwepa kamba kwenye sahani hakutoshi. Mafuta yaliyokaangia kamba yakikaangia viazi karai, viazi navyo vitamfuresha. Mpishi aambiwe tangu siku ya kwanza: sufuria yake, mwiko wake, mafuta yake, na chakula chake kipikwe mwanzo. Kaa na kamba mawe ni jamii moja na kamba, awaepuke wote. Samaki wa magamba ni kitu kingine, wengi wenye shida hii hula samaki bila neno. Pweza na ngisi amuulize daktari wake kabla ya safari, asijaribie kisiwani.

Kama aliwahi kubanwa pumzi hata mara moja, dawa yake iwe mfukoni, si kwenye begi lililoachwa nyumbani. Hospitali kubwa iko mjini Amu, lakini Takwa hakuna kitu, ni magofu na mibuyu.

---

Chakubimbi

Bili ndiyo iliyonileta. Huyo mla mchicha nampa pole. Lakini kugawanya sahani kwa sahani nako huharibu urafiki, watu huanza kuhesabu vidole vya ngisi.

---

BintiMkomani

Kwa nyumba yenye mpishi mambo ni mepesi. Mchango wa sawa: nyumba, mpishi, boti, wali, samaki, pweza. Atakaye kamba mawe ampe mpishi pesa yake mkononi asubuhi. Hapo utaona hamu ya watu ilivyo ndogo.

---

MwanaKisauni

Wallahi sikujua nauliza swali la mwezi. Nimeandika upya:

Ijumaa tunafika, tunatembea mjini na kulala mapema. Jumamosi saa kumi na mbili Shela kwa miguu, tunageuka saa moja na nusu, chai na mahamri kijijini, mchana pweza, saa nane na nusu Takwa. Jumapili Matondoni kutazama majahazi yakiundwa, usiku samaki wa kupaka. Mwenye goti aende Shela kwa boti atungoje kwenye chai.

Takwa kwenyewe tutazame nini? Tuna mmoja mwalimu wa historia, ataniuliza.

---

Nahodha_Mstaafu

Msikiti wa Ijumaa, una mnara wa mawe juu ya kibla, hamtauona mwingine kama huo kirahisi. Halafu kaburi la mnara, limeandikwa mwaka 1094 wa Hijria, ndio 1682 au 1683 kwa hesabu yenu ya shule. Mji ulihamwa karne ile ile. Wazee wa Shela wasema asili yao ni huko, na hadi leo huenda kuomba mvua. Basi ingieni kwa heshima, na mavazi yawe ya heshima, hapo na mjini pia. Kaptura za Nyali ziachwe Nyali.

Matondoni kwa miguu ni mbali kwa jua hilo. Nendeni kwa punda, au kwa boti maji yakiwapo.

---

MwanaKisauni

Ami, ratiba nimeituma kikundini. Wale wawili wa kamba mawe, walipoambiwa watoe pesa yao mkononi, wamesema walikuwa wapenzi wa pweza tangu utoto. Mwenye goti ameuliza kama punda wa Amu ni wapole.

---

Nahodha_Mstaafu

Mwambie punda ni mpole. Aulize kwanza kama yeye ana kilo ngapi.